Umbo Lisilo na Maneno: Uhakiki wa Panchari Melamu ya Kerala

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi katika Afrika ya Mashariki wamezoea kuigawa kazi ya sanaa katika sehemu mbili, yaani fani na maudhui. Wapo walioufananisha uhusiano wa sehemu hizo na ule wa kikombe na chai: fani ni chombo, maudhui ni kinywaji, na mwenye kiu hana haja ya kukisifu kikombe kupita kiasi. Wengine waliupinga mfano huo, wakasema kwamba fani na maudhui ni kama pande mbili za sarafu moja. Hata hivyo, waliobishana walikubaliana bila ya kutamka katika jambo moja, kwamba maudhui hupatikana katika maneno. Ndiyo maana tunapokwenda kuichunguza ngoma, aghalabu huandika maneno ya wimbo, tukayafasiri na kuyachambua, kisha mapigo yenyewe tukayaachia mstari mmoja unaosema kwamba ngoma ilinoga.

Makala haya yanakusudia kuujaribu mtazamo huo kwa kutazama sanaa ambayo haina maneno hata kidogo. Sanaa hiyo ni panchari melamu, upigaji wa ngoma za mahekalu katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa Bara Hindi. Hatukuichagua kwa sababu ya ugeni wake. Tumeichagua kwa sababu ina umbo lililo wazi na linaloweza kuhesabiwa, na kwa sababu hadhira yake huihakiki vikali pasipo kuwa na neno la kushikia. Hoja yetu ni kwamba katika melamu umbo ndilo wazo lenyewe, na wazo hilo halifahamiki ila kazi nzima isikilizwe tangu mwanzo wake wa polepole. Hoja hiyo ikikubalika, yatulazimu kuuliza maswali mawili zaidi: ni nani wanaolijenga umbo hilo, na ni kitu gani kinachopotea linapokatwa?

Ala na mpangilio wake

Melamu hupigwa kwa ala za aina nne. Iliyo kuu ni chenda, ngoma ya umbo la pipa nyoofu inayochongwa katika gogo la mfenesi, ikaning'inizwa begani na kupigwa kwa mikwiro. Chenda ina nyuso mbili. Uso mmoja hutoa sauti kali na nyepesi. Uso wa pili, uitwao valantala, umewambwa ngozi za tabaka kadhaa, nao hutoa sauti nzito. Msomaji aliyezoea ngoma za pwani yetu na afikirie chapuo na vumi vilivyofungwa katika mwili mmoja, ila kila mpigaji hupewa uso mmoja tu wa kuushughulikia. Ala ya pili ni ilathalamu, yaani matoazi mazito ya shaba nyeusi. Ya tatu ni kombu, baragumu la madini lililopindwa kama mwezi mchanga. Ya nne ni kuzhali, zumari fupi.

Mpangilio wa wapigaji una maana katika uhakiki. Kiongozi husimama katikati ya mstari wa mbele wa chenda. Mbele yake, wakimkabili, husimama wapiga zumari, na nyuma ya hao wapo wapuliza baragumu. Nyuma ya kiongozi na wenziwe kuna safu za valantala, kisha safu za matoazi. Kwa hiyo kiongozi hutazamana na wale wanaoipamba kazi, lakini huwapa mgongo wale wanaomshikia wakati. Wanaoibeba hesabu hawaoni, anawasikia tu. Idadi ya wapigaji yaweza kupita mia moja. Katika melamu ya Ilanjithara, inayopigwa katika uwanja wa hekalu la Vadakkunnathan mjini Thrissur wakati wa sikukuu ya Pooram, huzidi mia mbili.

Hapa yafaa tutofautishe. Melamu ya Ilanjithara, ingawa ndiyo maarufu kuliko zote, si panchari. Hiyo ni pandi, yenye mzunguko wa mapigo 7, na kwa desturi pandi hupigwa nje ya ukuta wa hekalu. Ilanjithara ni mwao uliovunja kanuni hiyo. Panchari ina mzunguko wa mapigo 6, na kwa kawaida hupigwa ndani ya ukuta. Mahekalu kama lile la Tripunithura na lile la Peruvanam yana sifa ya kuwa na hadhira inayoijua panchari kwa undani.

Ngazi tano

Umbo la panchari ni rahisi kulieleza, na ni vigumu kulitimiza. Kazi nzima ina ngazi tano. Katika ngazi ya kwanza mzunguko mmoja una mapigo 96. Katika ngazi ya pili una mapigo 48, katika ya tatu 24, katika ya nne 12, na katika ya tano mapigo 6. Kila ngazi ni nusu ya ile iliyoitangulia. Ndani ya kila ngazi mzunguko hurudiwa mara nyingi huku mwendo ukiongezeka kidogo kidogo, hadi ufike kileleni na kufungwa, ndipo wapigaji waingie katika ngazi inayofuata. Panchari iliyopigwa kwa ukamilifu aghalabu huchukua zaidi ya saa tatu.

Ikiwa tutailinganisha na utungo wa Kiswahili, tofauti hujitokeza mara moja. Msikilizaji wa utenzi huipata mizani katika ubeti wa kwanza. Sikio lake likishazoea mizani nane za kila kipande, halina jipya la kujifunza kuhusu kipimo. Kipimo kimekuwa sakafu ambayo maneno huchezea juu yake. Katika panchari mambo ni kinyume. Kipimo cha mapigo 6 kimo tangu mwanzo, kwa kuwa 96 si kitu ila 6 iliyokuzwa mara 16, lakini kimetandazwa mno hata sikio la mgeni halikitambui. Mgeni husikia mapigo yaliyotawanyika, yenye kimya kirefu baina yake. Mjuzi huhesabu kwa vidole. Kisha, ngazi baada ya ngazi, kilichokuwa kimefichwa katika upana hukusanywa, hata katika ngazi ya tano kikasimama wazi mbele ya watu wote, wajuzi na wasio wajuzi, nao wakainua mikono hewani kwa pamoja kuyafuata mapigo.

Basi hilo ndilo tunaloliita wazo la panchari. Kileleni hakuletwi kitu kipya. Hufunuliwa tu kile kilichokuwapo siku zote. Furaha ya ngazi ya tano ni furaha ya kutambua, nayo haiwezi kumpata mtu ambaye hakupitia ngazi ya kwanza, kwa sababu hana cha kukitambua. Wahenga wetu walisema kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Panchari yaonekana kana kwamba ilibuniwa na watu walioijua hatari hiyo, wakaamua kwamba mvumo sharti ucheleweshwe na ulipiwe kwa subira.

Kutokana na umbo hilo tunapata pia kipimo cha uhakiki. Watazamaji wengi huisifu panchari kwa ngazi yake ya mwisho. Sisi tunaona kwamba hukumu ya haki hutolewa katika ngazi ya kwanza. Katika ngazi ya tano kishindo huweza kuyafunika makosa mengi, na umati uliokwisha kuchangamka husamehe yote. Katika ngazi ya kwanza kimya hakisamehi. Mkwiro mmoja ukitangulia, kila mtu husikia. Zaidi ya hayo, kosa kubwa kuliko yote katika melamu ni pupa, yaani kiongozi kuuharakisha mwendo kabla ya wakati wake ili apate shangwe za mapema. Afanyapo hivyo huwa ameitumia katika ngazi ya pili nafasi ambayo angeihitaji katika ya nne, na umbo zima huporomoka hata kama hakuna pigo moja lililokosewa.

Kinywa na mkono

Mwanafunzi wa isimu atavutiwa na namna sanaa hii inavyofundishwa. Mwanafunzi wa chenda hapewi ngoma kwanza. Hupewa mikwiro ya mti wa mkwaju na jiwe la kupigia, na somo la kwanza hubeba jina la Ganapati, mungu anayeombwa mwanzoni mwa kila shughuli. Kabla ya mkono kupiga, kinywa hutamka. Kila aina ya pigo ina silabi yake, na mfumo huo wa silabi huitwa vaytari. Katika timila, mathalani, ngoma ndefu iliyobanwa kiunoni na kupigwa kwa viganja, silabi za msingi ni mbili, 'ta' na 'tom'. Silabi hizi hazina maana ya kikamusi, lakini zina thamani ya kutofautisha, kama zilivyo fonimu katika lugha. Mtu anaweza kuitamka melamu nzima kwa mdomo, na mwalimu akamsahihisha.

Wasomi wa lugha za Kiafrika wanazijua vema ngoma zinazosema. J. F. Carrington, katika kitabu chake Talking Drums of Africa cha mwaka 1949, alieleza jinsi Walokele wa Kongo wanavyopeleka habari kwa ngoma ya mgogo inayofuata toni za lugha yao. Pale ngoma huiga kinywa. Huko Kerala kinywa huiga ngoma. Tofauti hii si ndogo. Ngoma ya Walokele hutegemea maneno hata pale ambapo hayasikiki, na asiyeijua lugha haelewi ujumbe. Vaytari hutumia sauti za lugha lakini huyaacha maneno mlangoni. Ni ushahidi kwamba mpangilio wa sauti waweza kuwa na sarufi kamili, yenye usahihi na makosa, bila ya kuwa na kauli yoyote inayoweza kufasiriwa. Mhakiki anayetafuta maudhui kwa kuuliza 'inasema nini?' hatapata jibu hapa. Aulize badala yake 'inatenda nini, na kwa utaratibu gani?'

Ubunifu na utii

Huenda msomaji akauliza kama sanaa yenye hesabu kali namna hii inamwachia msanii nafasi yoyote ya ubunifu. Swali hili hujibiwa vizuri zaidi kwa kuitazama panchari pamoja na jamaa zake wawili. Wa kwanza ni tayambaka, ambamo mpiga chenda mmoja husimama mbele, wenzake wakamshikia mapigo, naye akabuni papo hapo kwa saa nzima au zaidi. Jamaa wa pili ni panchavadyamu, yaani ala tano: timila, maddalamu, idakka, matoazi na baragumu. Hufunguliwa kwa kupuliza kome la bahari, ambalo halihesabiwi katika hizo tano. Panchavadyamu nayo hujengwa kwa kugawa nusu kwa nusu, kuanzia mapigo 896 hadi 448, 224, 112 na 56, kisha ikaendelea kushuka hadi 28, 14 na 7. Lakini ndani ya hesabu hiyo wapigaji wa ala mbalimbali hupokezana na kujibizana kwa mapigo ya kubuni.

Panchari haitoi ruhusa hiyo. Yule yule aliyeshangiliwa katika tayambaka kwa ubunifu wake, akisimama katika panchari, hupiga yale yanayopigwa na wenziwe. Tusiharakishe kuuita huo ni ufinyu. Ubunifu wa panchari umo katika kuukadiria wakati: ngazi ya kwanza ikae kwa muda gani, mwendo uongezwe kwa kiasi gani, kilele kifikiwe lini. Mambo hayo huamuliwa na kiongozi, lakini hutekelezwa na watu mia moja ambao wengi wao hawezi kuwaona. Kwa hiyo swali la nani anaongoza si dogo. Peruvanam Kuttan Marar aliiongoza melamu ya Ilanjithara kuanzia mwaka 1999 hadi 2022, na mwaka 2023 nafasi hiyo ilipochukuliwa na Kizhakkoottu Aniyan Marar, jambo hilo lilizungumzwa kwa mapana na wapenzi wa sanaa hii, kwa maana kila kiongozi ana kadirio lake la wakati.

Panchavadyamu inatufunza jambo jingine. Watu huisikiliza kama kitu cha kale kisicho na mtunzi. Lakini umbo lake la sasa lilipangwa katika miaka ya 1930, na miongoni mwa waliolipanga alikuwamo Thiruvilwamala Venkichan Swami, bingwa wa maddalamu. Sisi nasi tuna mazoea ya kuandika 'sanaa ya jadi' na kuendelea mbele, kana kwamba jadi haikutungwa na watu wenye majina. Pale ambapo majina yanajulikana, mhakiki ana wajibu wa kuyataja.

Walio nyuma ya mstari wa mbele

Tumesema kwamba umbo la panchari hubebwa na wengi. Hatuwezi kulisifu umbo hilo bila ya kuuliza wengi hao ni nani. Kwa karne nyingi upigaji wa ngoma za ibada ulikuwa haki na wajibu wa kurithi wa jamii za Marar na Poduval, zilizohusiana na huduma za hekalu. Watu wa matabaka yaliyodharauliwa hawakuruhusiwa hata kulikaribia hekalu. Mwaka 1936 mtawala wa Travancore, sehemu ya kusini ya Kerala ya leo, alitangaza kwamba mahekalu ya dola yafunguliwe kwa Wahindu wote. Kabla ya hapo, mwaka 1930, mshairi Vallathol Narayana Menon alikuwa ameshiriki kuanzisha Kerala Kalamandalam, chuo kilichoyatoa mafunzo ya sanaa hizi katika nyumba za ukoo na kuyaleta darasani. Njia zikapanuka, na siku hizi wamo wapigaji waliotoka katika jamii nyingine, na vikundi vya wanawake wanaopiga panchari vimejitokeza. Hata hivyo, mahekalu mengi ya Kerala bado hayamruhusu asiye Mhindu kuvuka mlango, na katika sikukuu kubwa safu za wapigaji zimeendelea kuwa za wanaume kwa sehemu kubwa.

Kisha kuna wale ambao hawamo katika safu yoyote. Chenda haipigiki bila ya ngozi ya ng'ombe, na kazi ya ngozi katika Bara Hindi imehesabiwa kuwa ni unajisi. Ngoma iliyomalizika huingia hekaluni kwa heshima; aliyeitengeneza hakuwa na ruhusa ya kuifuata. Mwimbaji T. M. Krishna aliiandika habari ya waundaji wa mridangamu, ngoma ya muziki wa Karnatiki, katika kitabu chake Sebastian and Sons cha mwaka 2020, akaonyesha jinsi mafundi walioichangia sauti ya ala hiyo walivyoachwa nje ya historia yake. Swali lake lafaa kuulizwa kuhusu chenda vilevile. Umbo ambalo fahari yake ni kwamba kila pigo linahesabiwa halina budi kuulizwa kwa nini halikumhesabu kila mtu. Kusema hivyo si kuitia doa kazi, bali ni kuihakiki kwa kipimo chake yenyewe.

Ngazi zinapokatwa

Tumalizie kwa jambo linaloigusa kazi yetu ya ualimu. Panchari inapopelekwa katika kumbi za mijini au jukwaa la wageni, saa tatu hugeuzwa kuwa dakika chache. Katika simu za mkononi huzunguka vipande vya ngazi ya tano peke yake, vyenye mikono iliyoinuliwa na kishindo. Wanaofanya hivyo wana sababu zao, nasi hatuzipuuzi. Watu wana kazi, wapigaji wanahitaji riziki, na huenda kipande kifupi kikamvuta mtu kwenye kazi nzima. Lakini lazima tuseme wazi kwamba kipande hicho si panchari iliyofupishwa. Ni kishindo tu. Anayeianza kazi katika ngazi ya tatu na kuishusha 24, 12, 6 bado ameuhifadhi uwiano, na msikilizaji wake ataonja wazo la kufunuliwa. Anayeanza na kuishia katika 6 hana alichokifunua.

Kosa hili sisi hatukuepukana nalo. Utenzi wa Tambuka una beti zaidi ya elfu moja, lakini katika madarasa yetu hufundishwa kwa beti chache zilizochaguliwa kwa uzito wa maudhui yake. Mwanafunzi hutoka akijua 'ujumbe', wala hajui jinsi mtunzi alivyomchosha na kumpumzisha msikilizaji, alivyorudia na kuchelewesha, hata vita vikafika wakati moyo uko tayari. Tumemnywesha chai, tukasahau kwamba alikuja kujifunza ufinyanzi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba panchari melamu, isiyo na neno hata moja, ina wazo linaloweza kuelezwa, kupimwa na kubishaniwa, na kwamba wazo hilo limo katika uwiano wa ngazi zake tano. Tumeonyesha pia kwamba uwiano huo huwekwa na watu, wenye majina na wasiotajwa, na kwamba hukumu juu ya kazi haikamiliki bila ya kuwatazama walio nyuma. Ikiwa hoja hizi zina uzito, basi anayekwenda kuiandika ngoma ya kwetu, iwe ya pwani au ya bara, hatatosheka na kuyanakili maneno ya mwimbaji. Atakaa tangu pigo la kwanza, ahesabu, awasikilize wapiga vumi kabla ya kumsikiliza manju, na asiondoke mpaka ngoma ianuliwe.